Moto wa nyumba zetu: kutoka matanuru ya Wasanga mpaka chupa ya gesi

Kiangazi kimeingia na baridi imekuja nacho. Mji wetu wa Kolwezi uko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua linawaka, lakini usiku wa mwezi wa sita na wa saba unauma. Ndiyo majira ambayo mbabula inavuka mlango: iliyokuwa uani inaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watoto wanalala karibu nayo. Ndiyo majira pia ambayo habari mbaya husikika, huku kwetu na ng'ambo ya mpaka kule Zambia: familia imelala na mbabula, asubuhi haikuamka.

Leo tuache kidogo bei ya kobalti, tuzungumze habari ya nyumbani. Moto huu tunaotumia umetoka wapi? Kwa nini jimbo lenye mabwawa ya umeme bado linapika kwa makala? Na ni kitu gani ndani ya moto huu kinachoua bila kelele? Majibu yote matatu yamo katika historia yetu, na historia hiyo inaanza na shaba.

Wala shaba

Kabla ya mzungu yeyote kufika, watu wa nchi hii walikuwa mafundi wa moto. Katika makaburi ya zamani ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuaji wa mambo ya kale walioanza kazi mwaka 1957 walikuta vitu vingi vya shaba, na ndani yake misalaba midogo iliyotumika kama feza karne nyingi zilizopita. Shaba hiyo ilitoka huku kwetu kusini, kwenye vilima vya mawe ya kijani, yaani malakiti.

Wasanga walijulikana sana kwa kazi hiyo, mpaka wakaitwa wala shaba. Walifanya kazi wakati wa kiangazi, mtama ukiisha kuvunwa. Wanaume waliondoka kijijini, wakapiga kambi karibu na mgodi na maji. Wengine walichimba na kuchagua mawe, wengine walikata miti na kuchoma makala. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo huo hauogopi moto. Ndani yake waliweka makala na mawe ya kijani kwa zamu, kisha mivukuto ya ngozi za wanyama ikapuliza hewa kwa saa nyingi. Shaba inayeyuka kwenye joto la digrii 1,085. Moto wa kuni wa kawaida haufiki huko. Makala yanayopulizwa yanafika.

Mzungu mmoja, Jean-Félix de Hemptinne, padri aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, aliona wazee wakirudia kazi hiyo wakati ilikuwa imekwisha kuachwa, akaiandika na kuitoa mwaka 1926. Kwa hiyo tunajua hatua zake. Na hatua moja inatufaa sana leo: tanuru halikuwashwa kamwe ndani ya nyumba. Liliwashwa nje, mahali pa wazi, mbali na kijiji.

Hewa inayozaa shaba

Sasa tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Jiwe la kijani halina shaba tupu. Ndani yake shaba imeshikana na oksijeni, ile hewa tunayovuta ili tuishi. Ili shaba itoke, lazima kitu kingine kije kuinyang'anya hiyo oksijeni. Kitu hicho si joto peke yake. Makala yakiungua mahali ambapo hewa haitoshi, yanatoa hewa nyingine inayoitwa kaboni monoksidi. Hewa hii ina njaa ya oksijeni. Inaingia kati ya mawe, inainyang'anya shaba oksijeni yake, na shaba inabaki peke yake, inashuka chini ya tanuru ikiwa imeyeyuka. Wazee hawakuijua kwa jina, lakini waliitumia kwa ustadi. Bila hiyo kusingekuwa na msalaba hata mmoja wa Katanga.

Hewa hiyo hiyo ndiyo inayotoka kwenye mbabula chumbani.

Damu yetu ina kazi ya kubeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda ubongoni na moyoni. Kaboni monoksidi ikiingia mapafuni, inashikana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Inakalia nafasi ya oksijeni na haitoki upesi. Mtu anaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakuwa mizito. Wengi hufikiri ni malaria au uchovu wa kazi. Aliyelala hasikii kitu. Watoto, wazee na mama wajawazito huumia kwanza, na mtoto aliye tumboni anaweza kuumia hata kama mama yake amepona.

Wahenga walisema palipo na moshi pana moto. Kwa hewa hii msemo huo unatudanganya, kwa maana haina moshi, haina harufu, haina rangi. Watu wengi wanangoja makala yawe mekundu, moshi uishe, ndipo waingize mbabula ndani wakisema sasa ni salama. Moshi umekwisha, ndiyo, lakini kaboni monoksidi inaendelea kutoka mpaka kaa la mwisho lizimike. Na anayefunika makala kwa majivu ili yadumu mpaka asubuhi amefanya kazi ileile ya fundi wa Wasanga: amepunguza hewa ndani ya moto. Tofauti ni kwamba yeye hakuweka mawe ya kijani, ameweka watoto wake.

Moto mkubwa wa Union Minière

Tarehe 20 Desemba 1891 mfalme M'siri aliuawa Bunkeya, na nchi ikaingia mikononi mwa watu wa Leopold. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaundwa. Mwaka 1910 reli ya kutoka kusini ikafika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na mwaka 1911 tanuru kubwa la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Koki yake ililetwa kwa treni kutoka Wankie, Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe.

Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali: Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini, baadaye Rwanda na Burundi. Miaka ya kwanza wengi walikufa kambini, na homa ya mapafu ilikuwa kati ya magonjwa yaliyowaua zaidi. Baridi ya nyanda za juu iliwakuta watu waliotoka nchi za joto, katika nyumba duni. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadili njia, ikataka mfanyakazi akae na mke na watoto. Kambi zikajengwa kwa matofali, posho ikagawiwa. Kolwezi yenyewe ilianza kuwa mji mwaka 1937.

Tazama vizuri nyumba kubwa za mitaa ya zamani ya wazungu huko Lubumbashi na Likasi. Nyingi bado zina dohani juu ya paa. Waliozijenga walijua kwamba moto unaowashwa ndani lazima uwe na njia yake ya kutokea. Nyumba ya mfanyakazi haikupewa dohani. Moto wake ulikuwa mbabula ya uani, iliyotengenezwa kwa bati la pipa la mafuta, yenye matundu pembeni na miguu mitatu. Jina lake tunalitumia sawasawa na ndugu zetu wa Zambia, wanaosema mbaula, kwa sababu ukanda wa shaba ni mmoja hata mpaka ukiupasua. Kwa mapishi ya nje, mbabula ni chombo kizuri: rahisi, chepesi, kinaivisha maharagi na kusonga bukari. Lakini haikutengenezwa kwa ajili ya chumba cha kulala.

Umeme unaopita juu ya vichwa

Shaba ilipoanza kusafishwa kwa umeme, Shituru mwaka 1929 na baadaye Luilu hapa Kolwezi mwaka 1960, kampuni ilihitaji nguvu nyingi. Mito yetu ikafungwa. Mwadingusha kwenye Lufira ilianza mwaka 1930, Koni ikafuata mwaka 1950. Kwenye Lualaba, karibu na sisi, Nzilo ilianza mwaka 1952 ikiwa na megawati 108, na Nseke mwaka 1956 ikiwa na megawati 248. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyaya za Inga zikafika Kolwezi baada ya safari ya kilomita 1,700 hivi kutoka Congo ya chini. Miaka ya karibuni bwawa la Busanga, megawati 240, limejengwa juu ya Lualaba kwa ajili ya mgodi wa Sicomines.

Soma tena orodha hiyo. Kila bwawa lilijengwa kwa ajili ya shaba. Nyaya za Inga zilipita juu ya vijiji vingi njiani bila kuwasha taa hata moja. Nchini mwetu mwote, ni kama mtu 1 kati ya 5 tu anayepata umeme. Wanaoupata wanajua delestaji: unakatika jioni, unarudi usiku wa manane. Na hapo kuna hatari nyingine. Resho ya umeme iliyoachwa bila kuzimwa inaamka pamoja na umeme wakati nyumba yote imelala, na nguo iliyo karibu inashika moto.

Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hili: toka zamani moto bora wa nchi hii ulikwenda kwenye shaba, na nyumba ikaachiwa makala.

Miaka ya makala

Makala yalizidi nguvu wakati Gécamines ilipoanguka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1994 shaba yote haikufika tani 50,000. Mishahara ikakatika, na mwaka 2003 mpango wa kuondoka kwa hiari ukawatoa kazini zaidi ya wafanyakazi 10,000. Baba aliyezoea posho akawa mchimbaji wa mkono, mkulima, au mchoma makala.

Msitu wa miombo ndio uliolipa. Katika tanuru la udongo la porini, kuni za kilo 5 mpaka 10 zinatoa kilo 1 ya makala. Nyingine zote zinakwenda na moshi. Miti inaweza kuchipua tena, lakini inahitaji miaka mingi ya kuachwa. Ndiyo maana baiskeli zilizobeba mifuko ya makala leo zinatoka mbali kuliko jana, na bei inapanda kila mvua inapoharibu barabara. Makala yakiwa ghali, watu wanayabana: badala ya kuyazima, wanayafunika, badala ya kuyaacha nje, wanayaingiza ndani ili joto lisipotee. Bei ya mfuko na kifo cha chumbani vinafuatana.

Waliohamishwa

Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi maelfu walilala miezi wakingoja gari, chini ya mahema ya plastiki na katika vyumba vya shule, na wengi walikufa kwa magonjwa. Wengine walirudi baadaye, na wanasoma habari hii. Mwaka 2014 kobalti ikaonekana chini ya nyumba za Kasulo, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa huo ikahamishwa ili mgodi upite. Cité Gécamines nayo imekuwa ikitazama shimo la mgodi likikaribia madirisha yake.

Anayehamishwa hapotezi kuta tu. Anapoteza ua, kivuli cha mwembe, na jiko la nje. Katika nyumba ya kupanga, chumba kimoja ndicho jikoni, sebule na mahali pa kulala. Katika hema, mama anaogopa kuacha mbabula nje isiibiwe. Anaziba matundu ya mabati kwa matambara kwa sababu ya upepo. Kila jambo analofanya lina sababu ya busara, na yote pamoja yanakifanya chumba kuwa tanuru. Kwa hiyo anayepanga mahali pa kuhamishia watu asihesabu vyumba tu. Aulize pia: jiko litakaa wapi?

Gesi, huku na ng'ambo

Sasa chupa za gesi zinaonekana Kolwezi kuliko zamani. Gesi hii inafika kwa magari kutoka nje ya nchi, na bei yake bado ni nzito kwa wengi. Lakini ikiungua vizuri inatoa moshi kidogo sana kuliko makala. Hilo si dogo: Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 moshi wa majiko ya nyumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni.

Gesi ina sheria zake. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini kama maji na kukaa sakafuni. Ndiyo maana chupa haiwekwi shimoni wala pembe isiyo na upepo. Isimame wima, mbali na jua na mbali na mbabula. Mpira wa gesi ukipasuka au kukauka, ubadilishwe, usifungwe kwa plasta. Baada ya kufunga detanderi, ile valvu inayopunguza nguvu ya gesi, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, gesi inavuja. Usijaribu kamwe kwa kiberiti. Ukisikia harufu, funga chupa, fungua milango na madirisha, toka nje na watoto, na usiguse swichi ya taa wala simu ukiwa ndani. Moto mzuri wa gesi ni wa buluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, jiko linahitaji fundi, kwa sababu hapo nayo inatoa kaboni monoksidi. Na jiko la gesi ni la kupikia, si la kupashia chumba joto usiku.

Familia zetu nyingi zina ndugu waliopelekwa Marekani na Kanada. Huko nyumba nyingi zina tanuru la gesi, mara nyingi chini ya nyumba, linalopasha hewa joto na kuituma vyumbani. Ni dada wa mbabula aliyepewa dohani. Likiwa zima ni salama. Dohani ikiziba kwa theluji au kwa kiota cha ndege, au chuma cha ndani kikipasuka, hewa ileile inaingia vyumbani. Ndugu zetu wafanye haya: fundi mwenye kibali alifunge na kulikagua kila mwaka kabla ya baridi, chujio cha hewa kibadilishwe kila mwezi 1 mpaka 3, vitu vinavyoshika moto visiwekwe karibu nalo, na king'ora cha kaboni monoksidi kiwe karibu na vyumba vya kulala. Kikilia, tokeni kwanza, pigeni simu mkiwa nje.

Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme huko Seattle, Marekani. Familia za wahamiaji kutoka nchi mbalimbali ziliingiza majiko ya makaa ndani, kama zilivyozoea kwao. Watu kadhaa walikufa na wengi wakalazwa. Gazeti la Seattle Times likachapa onyo kwenye ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa: msichome makaa ndani. Kwao walikotoka, nyumba zilipitisha upepo. Kule ziliziba kabisa.

Ya kushika msimu huu

Mbabula ibaki nje. Mvua au upepo ukilazimisha kupika chini ya paa, mlango na dirisha viwe wazi, pande mbili, ili hewa ipite, na mbabula itoke kabla watu hawajalala. Ukitaka joto la usiku, chemsha maji nje, yatie katika chupa imara iliyofungwa vizuri, ifunge kwa nguo na kuiweka miguuni. Mlale pamoja, mongeze blanketi, muweke kadibodi au magunia makavu chini ya godoro, maana baridi nyingi inatoka sakafuni.

Watu wawili au zaidi wakiumwa kichwa pamoja katika nyumba yenye moto, na wakipata nafuu wakitoka nje, msiseme ni malaria mpaka mmefikiria mbabula. Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango, mtoe nje haraka, usikae ndani kumwamsha, la sivyo mtakuwa wawili. Mpeleke hospitali yenye oksijeni. Maziwa hayasaidii.

Na wenye nyumba za kupanga, wajenzi na wakubwa wa mitaa: tundu la hewa juu ya ukuta, la ukubwa wa tofali 1 au 2, halina gharama kubwa. Halitoshi kuifanya mbabula iwe salama chumbani, lakini linasaidia nyumba kupumua. Kibanda cha jiko uani kinafaa zaidi. Hata wala shaba, waliohitaji moto kuliko sisi sote, waliuacha nje ya kijiji. Muwaambie na majirani ambao hawasomi. Tunawatakia kiangazi chema.